Pembe za Ngazi: Mnyama wa Maboko Aliyeitwa Ayala

Mtoto anayekulia Nyambureti, mkoani Mara, hahitaji kitabu ili azijue pembe. Nyumbani wapo ng'ombe na mbuzi. Porini, upande wa Ikorongo na Grumeti, wapo nyumbu, kongoni, nyamera, pofu na swala wa kila namna. Zamani fuvu lenye pembe lilitundikwa ukutani watu wakalitazama. Siku hizi nani athubutu? Askari wa wanyamapori hawana utani na nyara za serikali. Lakini ujuzi umebaki. Mchungaji wa Mara anajua kwamba pembe ya ng'ombe ikikatika shinani ndiyo basi, haioti nyingine. Anajua pia kwamba fuvu likilala juani muda mrefu, ganda la nje la pembe huchomoka kama ala ya kisu, na ndani ukabaki mfupa wenye ncha.

Mwambie sasa kwamba yuko mnyama ambaye pembe zake ni mfupa mtupu usio na ganda, zina matawi kama mti, na kila mwaka humdondoka zikaota nyingine. Atadhani unamtegea kitendawili. Mnyama huyo yupo, tena ni maarufu: ni ayala. Waswahili wengi wamemjua kwa njia mbili tu. Ya kwanza ni Biblia, ambamo watafsiri walihitaji jina la mnyama wa milima ya Mashariki ya Kati na wakatumia neno hilo. Ya pili ni kadi za Krismasi, zenye mzee wa ndevu nyeupe anayekokotwa thelujini na wanyama wenye matawi kichwani. Wapo wanaomwita kulungu, lakini jina hilo lina mwenyewe. Kulungu wetu ni mnyama wa vichaka, mwenye pembe zilizosokotwa, na hajawahi kudondosha pembe hata siku moja.

Kusini mwa Jangwa la Sahara hakuna ayala wa asili, wala mfupa wake haujapatikana. Ndiyo maana makala iliyochapishwa London mwaka 1936, katika jarida la Linnean Society, inastahili kusimuliwa upya na watu wa Ziwa Victoria lenyewe. Mwandishi wake, Donald MacInnes, alitangaza jenasi mpya ya ayala wa kale kutoka Afrika. Mifupa ilikuwa imetoka Maboko, kisiwa kidogo katika Ghuba ya Winam, karibu na Kisumu. Maji ya Mto Mara, unaopita kati ya Tarime na Serengeti, humwagikia ziwa hilihili.

Kabla ya mifupa, tumtazame aliyeiokota, kwa sababu mtu huyu angestahili kitabu chake mwenyewe. Walter Edwin Owen alizaliwa Birmingham mwaka 1878, akafika Uganda mwaka 1904 kama mmisionari wa Church Missionary Society (CMS), na mwaka 1918 akafanywa Shemasi Mkuu wa Kavirondo. Hilo ndilo jina ambalo wakoloni waliliita eneo la Nyanza. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inamalizika, na watu wa Nyanza walikuwa na machungu ya kweli: vijana waliopelekwa kubeba mizigo ya jeshi bila kurudi, kodi ya nyumba, kipande cha kuning'iniza shingoni, na kazi za lazima barabarani ambazo hata wanawake na watoto hawakusamehewa. Mwaka 1921 vijana waliosoma shule ya Maseno walianzisha chama cha kudai haki, na vuguvugu lao likajulikana kwa Kijaluo kama Piny Owacho, yaani nchi imesema.

Owen aliingia katikati. Mwaka 1923 chama kile kikageuka, kwa mkono wake, kuwa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, ambacho wanachama wake waliahidi kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Wapo wanaomlaumu hadi leo kwamba aliwapoza vijana, akawatoa kwenye siasa na kuwatia kwenye usafi. Lawama hiyo ina haki yake. Lakini ni huyohuyo aliyepeleka malalamiko ya Waafrika kwa serikali na kwa magazeti ya Uingereza, akiandika juu ya kodi na kazi za kulazimishwa mpaka walowezi wakamchoka. Wakambadilishia cheo. Badala ya Shemasi Mkuu, wakamwita Shetani Mkuu wa Kavirondo. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanakaribiana, na kwa bahati njema hata kwa Kiswahili hayako mbali.

Mtu wa namna hii, mwenye kutembea parokia kubwa kwa miaka mingi, huona mengi ardhini. Owen alianza kukusanya zana za mawe na vigae vya vyungu. Mwaka 1948, miaka mitatu baada ya kifo chake, jina lake lilitokea pamoja na la wanaakiolojia Mary na Louis Leakey kwenye maandishi juu ya vyungu vya kale vya Nyanza vyenye kibonyo kitakoni, ambavyo wataalamu wa leo huviita vya Urewe na kuvihusisha na wakulima wa mwanzo wa ukanda wa ziwa. Zana na vyungu ni mambo ya binadamu. Alichokikuta Maboko mwaka 1933 kilikuwa cha zamani mno kuliko binadamu yeyote.

Maboko ni kisiwa cha kuzunguka kwa miguu ukarudi kula chakula cha mchana. Udongo wake umechanganyika na majivu ya volkano yaliyotua huko miaka inayokadiriwa kuwa milioni 15 iliyopita. Wakati huo hakukuwa na kisiwa, kwa sababu hakukuwa na ziwa. Ziwa Victoria ni kijana, umri wake unatajwa kuwa kiasi cha miaka 400,000. Lilizaliwa pale ardhi ya upande wa magharibi ilipoinuka na kuizuia mito iliyokuwa ikienda zake huko. Enzi za mifupa ya Maboko palikuwa nchi kavu yenye miti na mabwawa, na kwa mbali milima ikitema moto. Majivu yakianguka juu ya mzoga na mvua ikayageuza tope, mifupa hufungiwa humo. Madini huingia polepole ndani ya mfupa, na baada ya mamilioni ya miaka unaokota jiwe lenye umbo la jino.

Kati ya mwaka 1933 na 1934 mifupa ilikusanywa kwa wingi, na sehemu kubwa ikasafirishwa hadi Makumbusho ya Historia ya Asili ya London. Ndivyo mambo yalivyokwenda siku zile. Tendaguru ilikwenda Berlin, Olduvai ya kabla ya Vita Kuu ilikwenda Berlin, na Nyanza ikaenda London. Majina ya waliopiga majembe hayakusafiri pamoja na makreti. Nitalirudia jambo hili.

Ndani ya mkusanyo huo kulikuwa na pembe za ajabu. Fikiria tawi la mgunga lililokauka, gumu, lililonyooka kwenda juu, na pembeni mwake vijiti vifupi vimechomoza huku na huku kama miiba mikubwa, au kama vipandio vya ngazi ya kukwea mnazi. MacInnes, aliyekuwa mmoja wa vijana waliofuatana na Louis Leakey katika misafara ya utafiti ya miaka ile, ndiye aliyezichunguza na kuziandika. Aliunga maneno mawili ya Kigiriki, ngazi na pembe, akapata Climacoceras. Akaongeza africanus, wa Afrika. Pembe za ngazi, wa Afrika. Jina zuri, na kama tutakavyoona, lilikuwa jina lenye busara kuliko kichwa cha makala yenyewe.

Kwa nini aliona ayala? Kwa sababu kanuni ya mezani ilikuwa nyepesi: ng'ombe, mbuzi na swala pembe zao hazina matawi, na ayala zake zina matawi. Pembe ya Maboko ina matawi. Basi.

Lakini naona kulikuwa na sababu nyingine ya zamani zaidi, na hii ni hukumu yangu mwenyewe. Wageni wa kutoka kaskazini walikuwa wakiona ayala katika wanyama wetu kwa karne kadhaa. Waholanzi walipotia nanga kusini mwa Afrika walimkuta kongoni, wakamwita mnyama-ayala, na neno lao ndilo lililozaa hartebeest ya Kiingereza. Walipomwona pofu, wakampa jina la ayala mkubwa wa misitu ya baridi ya Ulaya, na ndiyo maana Waingereza humwita eland mpaka kesho. Kulungu naye kwa Kiingereza anabeba neno ambalo kwao ni dume la ayala. Kitabu cha wanyama wa Serengeti kilichoandikwa kwa Kiingereza kimejaa ayala wa majina tu. Aliyelelewa na majina hayo akionyeshwa pembe yenye matawi, wazo la kwanza litakuwa lipi? Simcheki MacInnes. Hata Mkurya akipelekwa Siberia kesho asubuhi, mnyama wa kwanza mwenye mdomo mpana na mabega ya juu atamwita nyumbu.

Na si pembe tu zilizowapoteza wataalamu. Mwaka 1901 mtaalamu wa London, Philip Sclater, aliletewa vipande vya ngozi yenye milia kutoka mpakani mwa Uganda na Kongo, vilivyokuwa vimegeuzwa mikanda. Vilitumwa na Harry Johnston, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza nchini Uganda. Milia ni ya pundamilia, kwa hiyo Sclater akampa mnyama jina la jenasi ya farasi na punda. Mwaka huohuo yakaja mafuvu na ngozi nzima, na ikabidi jina libadilishwe. Hakuwa farasi. Alikuwa okapi, ndugu wa twiga anayeishi msitu wa Ituri, ambaye wenyeji wa msituni walikuwa wakimjua muda wote. Kosa la okapi lilidumu miezi. La Maboko lilidumu miaka 42.

Ili kosa hili lieleweke lazima turudi kwenye pembe zenyewe, na hapa mfugaji ana faida kuliko msomaji wa mjini.

Pembe ya ng'ombe, kama ya nyumbu au swala, ni vitu viwili: mfupa wa ndani uliotokana na fuvu, na ganda la nje la kitu kilekile kinachofanya kucha na kwato. Pembe ya ayala ni mfupa mtupu. Inapoota hufunikwa na ngozi laini yenye manyoya. Ikikomaa ngozi hukauka na kubanduka, mnyama akaikwangua kwenye miti. Madume hupigana nazo msimu wa kupandana, kisha zinadondoka. Mahali inapokatikia, juu kidogo ya fuvu, pana pete ya mfupa iliyovimba na yenye mikwaruzo kama shina la mti lililopigwa shoka likapona. Pete hiyo ndiyo sahihi ya ayala. Mtu akikuletea pembe moja tu iliyookotwa msituni Ulaya, unatazama shinani kwanza.

Twiga ana namna ya tatu. Vipembe vyake ni mfupa, lakini haviachi ngozi maisha yote na havidondoki. Ndama wa twiga huzaliwa navyo tayari vikiwa laini, vimelala kichwani, havijashikamana na fuvu. Ni ili mama asiumie, na kwa kweli ni mpango wa huruma. Baadaye hunyanyuka, vikawa mfupa, vikaungana na fuvu moja kwa moja.

Pembe za Maboko hazina pete. Shina lake limeota moja kwa moja bila mahali pa kukatikia. Hilo lilionekana mapema, na likawasumbua waliofuata. Ayala gani asiyedondosha pembe? Wengine walimweka kwenye makundi ya wanyama wa kale wa Ulaya na Asia waliofanana na ayala bila kuwa ayala kamili. Wengine walimwacha alipo na kusonga mbele. Pembe yenyewe haikuongeza neno. Ilikaa kwenye sanduku, na lebo yake, ikisubiri mtu wa kuuliza swali jingine.

Aliyeuliza ni Roger Hamilton. Mwaka 1978 alichapisha, katika jarida la Royal Society ya London, uchunguzi mkubwa wa twiga wa kale wa Afrika. Kati ya vitu alivyovishughulikia kulikuwa na mnyama mwingine wa jenasi ya Climacoceras, kutoka Ngorora, Baringo, ambaye ni mdogo kwa umri kuliko yule wa Maboko. Hamilton alimwita Climacoceras gentryi, kumheshimu Alan Gentry, mtaalamu wa jamii ya ng'ombe na swala. Gentry huyo, mwaka huohuo wa 1978, pamoja na Anthea Gentry, alitoa kazi kubwa juu ya swala na nyati wa kale wa Olduvai. Kwa hiyo Mtanzania anayefuatilia swala wa Olduvai na Mkenya anayefuatilia pembe za Baringo wanaishia kwenye jina la mtu mmoja.

Jibu la Hamilton halikutoka kwenye pembe. Lilitoka kinywani.

Wanyama wengi wanaocheua hawana meno ya mbele juu. Chini wanayo 8, yamepangwa kama koleo. Kwa macho yote 8 ni sawa, lakini mawili ya pembeni kabisa, moja kila upande, kwa asili ni chonge zilizojificha kwenye safu ya meno ya kukatia. Kwa ng'ombe chonge hizo hazina ajabu. Kwa twiga zina: kila moja imegawanyika, ina ncha mbili kama kiganja cha vidole viwili, na mnyama huzitumia kuchambua majani kwenye matawi. Okapi anazo vilevile. Ayala hana. Chonge ya Climacoceras ina sehemu mbili. Hapo mjadala ukafungwa. Ayala wa Ziwa Victoria alikuwa binamu wa twiga, na Hamilton akamtengenezea familia yake mwenyewe, iliyosimama kando ya ile ya twiga wenyewe.

Anayetaka kuhakikisha asipinge kwa mdomo. Siku akipita Seronera au kwenye kituo chochote cha hifadhi chenye fuvu la twiga la kufundishia, aombe kuonyeshwa taya la chini na ahesabu kutoka katikati kwenda pembeni. Jino la nne ndilo lenye siri. Twiga ni mnyama wa taifa la Tanzania, aliwahi kuwemo hata kwenye alama ya maji ya noti zetu, na naamini wengi wetu hatujawahi kumtazama mdomoni.

Kwamba ukoo wa twiga umewahi kuvaa kila mtindo wa pembe si jambo geni kwa ardhi ya Tanzania. Olduvai na Laetoli zimetoa mifupa ya Sivatherium, twiga mzito mwenye shingo fupi na pembe kubwa pana zilizochomoza matawi mafupi. Jina lake lina mungu Siva ndani yake, kwa kuwa kwanza alipatikana India. Mtu akiletewa pembe ya Sivatherium bila fuvu anaweza kuapa kuwa ni ayala mkubwa wa kaskazini. Na pale Laetoli, juu ya majivu yaleyale yaliyohifadhi nyayo za watu wa kale miaka milioni 3.66 iliyopita, twiga nao walipita wakaacha nyayo zao.

Ayala wa kweli wako wapi basi? Kwa Afrika, wako kaskazini kabisa. Mpakani mwa Algeria na Tunisia bado wapo wachache wa msituni, na katika mapango ya Algeria na Morocco imechimbuliwa mifupa ya ayala mkubwa aliyetoweka, ambaye Richard Lydekker alimtaja kwa mara ya kwanza mwaka 1890. Ayala wa kale walichimbuliwa pia katika mapango ya visiwani, na huko hakuna wa kumfikia Dorothea Bate. Msichana huyu alianza kazi katika makumbusho ya London mwaka 1898 akiwa na miaka 19, na mwaka 1904 akaenda Krete peke yake kuchimba mapango ya pwani. Humo alipata mifupa ya ayala wa kale, na koo zile za Krete zilikuwa na wadogo kuliko mbuzi. Visiwani, bila simba wala chui, mnyama mkubwa hupungua kizazi hadi kizazi. Bate aliendelea na mifupa ya mapango mpaka alipofariki mwaka 1951. Kwa hiyo palikuwa na wakati ambapo ayala wa kweli wa Krete na ayala wa uongo wa Maboko walikuwa chini ya paa moja, kila mmoja na lebo yake, na lebo zote mbili zikisema ayala.

Mapango yetu yanasema kitu kingine. Mwamba wa Nasera, mashariki ya nyanda za Serengeti, una kivuli kipana ambamo watu walijikinga na kula nyama kwa makumi ya maelfu ya miaka. Leakey alichimba hapo mwaka 1932, na Michael Mehlman akarudi miaka ya 1970. Chini ni mabaki ya wanyama wa porini walewale wa nyandani, na juu kabisa, karibu na siku zetu, wanatokea mifugo. Ayala hayumo, na asingeweza kuwemo. Kati yake na sisi lilikuwa jangwa, na wakati jangwa lilipokuwa na majani, nyasi na vichaka vya huku vilikuwa vimeshajaa swala ambao hawakuwa na nafasi ya kugawa.

Maboko yenyewe haikuishia kwa Owen. Leakey alichimba huko mwaka 1949 na 1951. Kilichotafutwa zaidi wakati huo ni nyani na sokwe wa kale, kwa kuwa wao ndio walioleta umaarufu na fedha za utafiti, na udongo uliochambuliwa harakaharaka ukarundikwa pembeni. Miaka ya 1980 Martin Pickford aliyarudia marundo hayo ya vifusi, akayachekecha, na mifupa na meno mengi yakatoka kwenye takataka za waliomtangulia. Nimelipenda jambo hili kuliko ugunduzi wowote wa fuvu. Kuanzia mwaka 1987 Brenda Benefit na Monte McCrossin waliendeleza uchimbaji kwa miaka mingi, na mwaka 1997 dunia ikaonyeshwa fuvu karibu kamili la Victoriapithecus, tumbili wa Maboko. Jina lake la pili ni macinnesi. MacInnes aliyekosea ayala akakumbukwa kwenye tumbili, na kwa haki, maana baada ya makala ile alifanya kazi kwa miaka kwenye Makumbusho ya Coryndon ya Nairobi, akiandika juu ya tembo wa kale na sokwe wa kale wa ukanda wa ziwa.

Coryndon ilifunguliwa mwaka 1930 kwa jina la gavana, na baada ya uhuru ikawa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Visukuku vingi vya Maboko vilivyopatikana baada ya Owen viko huko, na vya mwanzo vimebaki London. Anayetaka kulinganisha pembe ya 1933 na pembe ya 1990 lazima apande ndege.

Niliahidi kurudi kwa waliopiga majembe. Ni wachache waliopata kutajwa. Juma Gitau ndiye aliyeikuta taya ya Kanam, kwenye ufuko wa kusini wa ghuba hiyohiyo, Machi 1932, alipokuwa akigonga jiwe lenye jino la mnyama mkubwa. Heselon Mukiri alifanya kazi na Leakey kwa miongo, akafundisha wengi jicho la kuona mfupa kwenye kokoto, na mwaka 1993 sokwe mmoja wa kale wa Rusinga akapewa jina la Proconsul heseloni kwa heshima yake. Yeye amekaa kwenye jina la kisayansi kama walivyokaa mashemasi na maprofesa. Waliobeba mifupa ya Climacoceras kutoka kisiwani hadi bara hawakubahatika hivyo.

Na Mara? Vijana wa Nyamongo wanaochimba dhahabu wameniuliza zaidi ya mara moja kama mwamba wao unaweza kutoa mifupa ya kale. Hapana. Mwamba wa dhahabu wa Mara ya Kaskazini una umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Ulipoundwa hapakuwa na mnyama mwenye mfupa popote duniani. Mifupa hutafutwa kwenye udongo wa majivu, kwenye kingo za mito inayokata tabaka, kwenye mashimo ya mchanga na visima. Huko Mara ina mengi ya kutazamwa. Kwa hiyo mwenye kuchimba kisima Nyambureti akikuta mfupa mzito kuliko kawaida, unaolia kama kigae ukigongwa na ulioganda ndani ya jiwe, asiung'oe wala asiuoshe. Auache ulipo, apige picha na kitu cha kulinganishia ukubwa, kisha apeleke habari ofisi ya kijiji ili ifike Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaviweka visukuku chini ya ulinzi wa serikali, na mfupa uliong'olewa umepoteza nusu ya ushuhuda wake, hata ukifika makumbusho ukiwa mzima. Na usiupe jina haraka. Eleza tu unachokiona.

Hivyo ndivyo MacInnes alivyofanya pale alipochagua jina, ingawa kwenye kichwa cha makala aliteleza. Kichwa kilisema ayala, jina lilisema ngazi. Hamilton alipomhamishia mnyama kwa akina twiga hakulazimika kubadili hata herufi moja. Kwenye vitabu vya makumbusho, London na Nairobi, anasomeka kama alivyosomeka mwaka 1936: Climacoceras africanus MacInnes.